Gari la Zamani Linapochemka Barabarani: Uliza Kwanza, Fungua Injini Baadaye

Mazungumzo kwa madereva, wenye magari ya zamani na mafundi wa jua kali



Kila anayesafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi amewahi kuyaona haya: gari limeegeshwa kando, bonneti imeinuliwa, mvuke unapanda, na abiria wamejikusanya kwenye kivuli chembamba cha mgunga wakisubiri. Mara nyingi gari lenyewe ni la zamani. Si ajabu. Barabara hiyo ina urefu wa karibu kilomita 480, inaanzia usawa wa bahari na kufika mahali penye kimo cha karibu mita 1,700. Kwa gari lenye umri wa miaka 40, huo ni mtihani.

Lakini uzee peke yake hauchemshi maji. Magari haya yalitengenezwa kwa kazi nzito. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, Peugeot 504, alitokea mwaka 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya aina ya V6. Kwa miaka mingi 504 ziliunganishwa papa hapa Mombasa, zikabeba walimu, madaktari, maiti, maharusi na magunia ya viazi. Gari la namna hiyo likichemka kwenye barabara kuu ilhali mjini ni zima, lipo jambo limeharibika, na jambo hilo linaweza kupatikana. Shida ni kwamba wengi hulitafuta kwa spana kabla ya kulitafuta kwa akili.

Mfano wa Mwalimu

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Makindu. Ana Peugeot 504 ya familia, ile ndefu ya viti vitatu, aliyoinunua alipokuwa bado anafundisha. Watoto wake wote walipelekwa shule za bweni kwa gari hilo. Sasa kazi yake kubwa ni moja: kila baada ya miezi miwili humpeleka mkewe kliniki ya moyo Nairobi.

Safari tatu mfululizo gari lilimwaibisha. Likifika milima ya Salama, sindano ya joto hupanda, injini huanza kukohoa na kumisi, nguvu huisha. Mara ya tatu mama alikaa kando ya barabara saa mbili, jua la saa saba, dawa zake mkononi, na zamu yake kliniki ikapita. Usiku huo watoto walipiga simu na kusema neno ambalo mzee hakulipenda: gari liuzwe chuma kuukuu.

Garaji ya kwanza ilimwambia gasketi ya hedi imeungua. Hedi itolewe, ichongwe, gasketi mpya iwekwe, na rejeta ibadilishwe pia, maana "kazi ifanywe mara moja." Gharama ingemeza pensheni ya miezi mitatu. Hakuna aliyewasha injini. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Mwalimu akaomba siku mbili za kufikiri, akaliendesha gari polepole hadi Emali kwa kijana mmoja fundi anayefanyia kazi chini ya mti karibu na soko. Kijana akanawa mikono, akavuta kigoda.

"Mwalimu, kabla sijashika spana, nina maswali matatu."

"Uliza, kijana wangu."

"Linachemka lini hasa? Linapoteza maji? Na shida hii ilianza lini?"

Maswali hayo matatu ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo.

Swali la kwanza: linachemka lini?

Mwalimu alijibu kwamba hata kwenye foleni ya Mlolongo, jua kali, sindano hutulia katikati. Akienda kilomita 60 kwa saa, hakuna neno. Lakini akishika 90 kutoka Emali, baada ya nusu saa hivi mambo huharibika.

Jibu hilo peke yake lilifuta nusu ya mashaka. Gari likiwa limesimama au linatambaa kwenye foleni, hewa inayopita kwenye rejeta huvutwa na feni. Feni ikiwa mbovu, mkanda wake umelegea, au ile sumaku inayoiunganisha feni kwenye 404 na 504 haishiki, gari litachemka mjini. Likishika barabara kuu, upepo wa mwendo hufanya kazi ya feni, na joto hushuka. Kwa hiyo gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likikimbia lichunguzwe feni kwanza.

La Mwalimu lilikuwa kinyume: lilipoa kwenye foleni, likachemka kwa kasi. Kumnunulia feni mpya kungekuwa kutupa pesa.

Kwenye kasi, injini hutengeneza joto jingi. Petroli inapoungua, karibu robo tu ya nguvu yake ndiyo hufika kwenye magurudumu. Iliyobaki karibu yote ni joto, na joto hilo hutoka kwa njia mbili kuu: ekzosi na rejeta. Gari likitoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa, nguvu inayohitajika kuukata upepo huongezeka zaidi ya mara tatu. Ongeza mlima na abiria watano, na kila udhaifu mdogo uliokuwa umejificha mjini utajitokeza.

Swali la pili: linapoteza maji?

Mwalimu alikuwa na daftari. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua rejeta na kuangalia. Kwa miezi minne hakuongeza zaidi ya kikombe kimoja.

Hilo lilikuwa jibu la thamani. Gasketi ya hedi ikiungua, mara nyingi gari hupoteza maji bila kuonekana yanakovujia. Huenda oili ikawa kama chai ya maziwa. Huenda moshi mweupe ukatoka nyuma hata injini ikiwa imekwisha kupata joto. Mpira wa juu wa rejeta unaweza kuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, kwa sababu hewa ya mwako inaingia kwenye njia ya maji. Na rejeta ikiachwa wazi injini baridi inapowashwa, mapovu hutoka mfululizo bila kukoma.

Kijana aliyatazama yote hayo. Oili ilikuwa safi. Moshi haukuwepo. Mapovu machache yalitoka mwanzoni, yakaisha. Kisha akatumia kile kifaa cha dawa ya buluu ambayo hugeuka rangi ya manjano ikikutana na hewa ya mwako. Dawa ilibaki buluu. Hedi haikuwa na kosa.

Hapa pana onyo kwa mafundi. Injini ya 504 ya petroli ina hedi ya aluminiamu na silinda zake ni laini zinazozungukwa na maji. Hedi ikitolewa, laini hizo hubaki bila cha kuzishikilia. Fundi akizungusha injini kabla ya kuzibana, zinaweza kuinuka, na mpira au gasketi ya chini ikaharibika. Maji yataingia kwenye oili. Gari lililokuja na shida ndogo litaondoka na shida kubwa. Hedi isifunguliwe kwa kubahatisha.

Swali la tatu: lilianza lini?

"Tangu niliporudi kutoka upasuaji wa nyonga," Mwalimu akasema. "Lilisimama chini ya mwembe miezi saba."

Kijana alitikisa kichwa, akaandika jambo hilo kwenye kipande cha katoni. Gari lililokuwa zima kabla ya kusimama, likawa gonjwa baada ya kusimama, limeharibiwa na kusimama. Kitu kimeshika kutu, kimekauka, kimeziba, au mdudu amefanya makao. Dereva anayekumbuka siku shida ilipoanza, na kilichofanyika juma hilo, amemsaidia fundi kazi ya siku nzima.

Kwanza, maji na hewa

Ukaguzi wa gari linalochemka uanze na vitu vya bei rahisi, na uanze injini ikiwa baridi. Kijana alifuata utaratibu huu.

Aliangalia kifuniko cha rejeta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. La. Kifuniko hushikilia shinikizo, na shinikizo huzuia maji yasichemke mapema. Usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kimo cha Nairobi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima chenye shinikizo la bar 1 huweza kupeleka kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Maana yake, gari lenye kifuniko kilichochoka mpira laweza kwenda salama Mtwapa na kuchemka Athi River, na injini haina kosa lolote. Kifuniko kibadilishwe kwa kingine chenye shinikizo lile lile lililoandikwa na mtengenezaji. Kikubwa zaidi kitapasua mipira na rejeta.

Aliangalia mipira ya maji, hasa wa chini. Mpira huo unavutwa na pampu. Ukiwa laini kwa uzee, injini ikikimbia mpira hujibana kama mrija wa soda unaonyonywa kwa nguvu, na maji hukatika. Injini ikipungua kasi, mpira hurudi kama kawaida, na hakuna anayeona kosa. Njia ya kuujua ni mtu mmoja akanyage mafuta huku mwingine akiutazama, mbali na feni na mkanda. Wa Mwalimu haukujibana.

Aliangalia mapezi ya rejeta. Wadudu, mbegu za nyasi na vumbi la barabara za mashambani hujaza nafasi zote. Alisafisha kwa maji ya mpira, akielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ina joto, alipitisha kiganja karibu na rejeta kutafuta sehemu baridi. Sehemu baridi ni mirija iliyoziba. Hili ni jambo la kawaida ukanda huu, kwa sababu maji ya visima vingi yana chumvi, na chumvi hujenga gaga ndani ya rejeta kama ile ya birika la chai. Maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti nusu kwa nusu ni bora zaidi. Kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia kutu, jambo la lazima kwa injini yenye hedi ya aluminiamu na bloku ya chuma.

Mwisho alitoa themostati, akaitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama muuza chai, pamoja na kipimajoto. Ilifunguka kwenye nyuzi zilizochorwa juu yake, ikafunguka yote. Akairudisha. Wako mafundi wanaoitupa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba "hii ni ya wazungu, nchi ya baridi." Si kweli. Bila themostati injini hukaa baridi mno mwendo wa polepole, hunywa petroli, na silinda huchakaa upesi. Na kama rejeta imeziba, kuitoa themostati hakuiziboi.

Jioni ikafika. Maji hayakuwa na kosa, wala hewa. Kijana hakukata tamaa, na hakuanza kubadilisha vitu ovyo. Alimweleza Mwalimu hivi: "Joto likizidi, kuna mambo mawili. Ama halitolewi inavyopaswa, ama linatengenezwa kupita kiasi. Leo tumeona linatolewa vizuri. Kesho tuangalie linakotengenezwa."

Pili, moto

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwashwa mara 25 kila sekunde. Petroli haiungui papo hapo. Huchukua muda kidogo. Kwa hiyo cheche lazima itangulie kabla pistoni haijafika juu. Injini ikiwa polepole, katika injini nyingi za aina hii cheche hutangulia kwa digrii 10 hivi. Ikikimbia, lazima itangulie zaidi, hata kupita digrii 30, maana pistoni haimsubiri mtu.

Katika gari la zamani, kazi hiyo hufanywa na vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa. Distributa ikizunguka kwa kasi, vipande hivyo hutanuka kwa nje, vikishindana na springi, na kusogeza cheche mbele. Kasi ikipungua, springi huvirudisha. Vikikwama kwa kutu au grisi iliyokauka, injini itanguruma vizuri kabisa mjini. Lakini barabarani cheche itachelewa. Petroli itakuwa ingali inaungua pistoni ikishuka na vali ya ekzosi ikifunguka. Joto ambalo lingesukuma gari litaingia kwenye hedi na kwenye maji. Gari litachemka, na halitakuwa na nguvu ya kupanda mlima.

Ukaguzi wake hauhitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, kijana alifungua kifuniko cha distributa, akaishika rota kwa vidole na kuizungusha kidogo upande inaozungukia. Rota nzima hukubali kidogo, na ukiiachia hurudi yenyewe. Ya Mwalimu haikusogea kabisa. Alipotumia taa ya taiming, alama kwenye puli ilibaki pale pale hata injini ilipokimbia.

Alifungua distributa, akasafisha vile vipande, akatia matone machache ya oili nyepesi, akahakikisha springi zote mbili zipo. Alinyonya pia mrija mdogo unaotoka kabureta, kuona kama bamba la distributa linasogea, lilisogea. Alipima nafasi ya pointi, akatazama kondensa na nyaya. Safari hii alama iliondoka na kasi, kama inavyotakiwa.

Tatu, petroli

Wakatoka kujaribu barabara. Emali, Sultan Hamud, kupanda. Sindano ilitulia chini kidogo kuliko kawaida yake. Mwalimu akaanza kutabasamu. Kisha, baada ya kilomita 30 hivi, injini ikakohoa. Ikamisi. Sindano ikaanza kupanda tena, taratibu.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Shida ikipungua nusu, mmoja husema, "Basi, ni uzee huo mwingine." Mwingine husema kazi ya kwanza ilikuwa bure, huanza upya. Yote mawili si sahihi. Gari laweza kuwa na makosa mawili, hasa gari lililosimama muda mrefu. Ndiyo sababu jambo moja hurekebishwa kwa wakati mmoja, kisha gari hujaribiwa.

Mwalimu aliegesha nje kabisa ya lami na kuzima mara moja. Kijana hakwenda mbele kwenye injini. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi la petroli. Kukatoka sauti: fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu. Akafunga, akasema, "Washa, Mwalimu." Injini ikashika mara ya kwanza, ikapanda mlima kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangi lazima lipumue. Kila lita ya petroli inayotoka, lita ya hewa lazima iingie. Magari mengine hupumua kupitia kifuniko, mengine kupitia kimrija. Njia hiyo ikiziba, tangi huanza kuivuta petroli kurudi nyuma huku pampu ikiivuta kwenda mbele. Mjini, petroli inayotumika ni kidogo na hewa hupenya polepole, hakuna anayejua. Barabarani pampu hushindwa. Kabureta hupata petroli kidogo na hewa nyingi. Mchanganyiko mwembamba huungua polepole, huongeza joto, na mwisho hukataa kuwaka: ndiko kumisi kwenyewe. Gari likisimama dakika 20, hewa huingia kidogo kidogo, na safari huendelea hadi mara nyingine. Wengi husema "lilikuwa limechoka, sasa limepumzika." Kumbe tangi ndilo lililopata pumzi.

Waliporudi Emali walikifuata kimrija hadi mwisho. Ndani yake kulikuwa na udongo mkavu, umekandwa vizuri kama nyumba. Nyigu walikuwa wamejenga humo miezi ile saba gari lilipokuwa chini ya mwembe.

Kijana alikifungua kimrija, akakizibua kwa waya, akapuliza, akakirudisha. Akabadilisha na chujio la petroli, maana lilikuwa na kutu. Plagi, ambazo asubuhi zilikuwa nyeupe kama mfupa, baada ya safari nyingine zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Rangi ya plagi ni barua kutoka ndani ya injini: nyeupe ni petroli kidogo au joto kubwa, nyeusi ya masizi ni petroli nyingi, kahawia hafifu ni afya.

Jambo moja zaidi kwa wanaoshuka Pwani. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa Nairobi ili inywe petroli kidogo kabisa itakuwa na mchanganyiko mwembamba zaidi ikifika Mombasa, na gari laweza kuchemka na kumisi kwa sababu hiyo tu. Mwenye gari amwambie fundi wapi gari litaishi na wapi litasafiri.

Sindano ikipanda safarini

Si kila dereva ana fundi karibu. Haya ndiyo ya kufanya barabarani.

Sindano ikianza kupanda, punguza mwendo, zima kiyoyozi kama kipo, na fungua hita hadi mwisho hata kama ni jua kali. Hita ni rejeta ya pili. Ikizidi kupanda, au mvuke ukitoka, tafuta mahali salama nje ya lami, pasipo kona wala daraja, na uzime injini. Usizime ufunguo gari likiwa bado linakwenda: usukani waweza kujifunga na breki zikawa nzito.

Shusha abiria wote, wasimame mbali na barabara, si mbele wala nyuma ya gari. Weka pembetatu za kuakisi mbali vya kutosha. Anayetumia matawi au mawe ayaondoe yote anapoondoka, maana jiwe lililoachwa barabarani usiku humngoja mwingine. Kukiwa na hatari, piga 999 au 112.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto. Maji yaliyobanwa hulipuka mara tu shinikizo linapotoka, na uso, kifua na mikono ndivyo huungua kwanza. Subiri hata nusu saa na zaidi, hadi mpira wa juu uwe laini ukiubonyeza. Ndipo ufungue polepole kwa kitambaa kinene, uso ukiwa kando. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto wala kutiwa ndani yake kwa ghafla. Hedi yaweza kupinda au kupasuka.

Na kulanti iliyotolewa isimwagwe shambani wala mtaroni. Ni sumu, na ina ladha tamu. Mbwa, mbuzi na watoto huinywa. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi, kamwe si kwenye chupa ya soda.

Gharama ya kuuliza

Kazi yote ya gari la Mwalimu ilihitaji siku mbili, chujio moja la petroli, matone ya oili na kipande cha waya. Hedi haikufunguliwa. Rejeta ile ile ya zamani bado ipo. Mwezi uliofuata walitoka Makindu alfajiri, wakapita Salama bila sindano kuondoka katikati, na mama aliingia kliniki kabla jina lake halijaitwa.

Mwalimu alipotaka kumlipa kijana zaidi ya walivyopatana, kijana alikataa. Akasema, "Kazi kubwa uliifanya wewe, Mwalimu. Uliandika kwenye daftari."

Basi kila mwenye gari la zamani awe na daftari: maji yaliongezwa lini, oili lini, shida ilitokea wapi, kwa kasi gani, baada ya kilomita ngapi. Na kila fundi awe na maswali yake matatu kabla ya spana. Linafanya hivyo lini? Linapoteza nini? Lilianza lini? Kuuliza si ujinga, na hakugharimu kitu. Kufungua injini bila kuuliza ndiko kunakogharimu.